Gugumaji limetolewa, lakini limepungua?

Wanaojitolea kung'oa gugumaji, mmea unaoelea na kufunika maji, kwenye mialo ya Mwanza, yaani sehemu za ukingo wa Ziwa Victoria mitumbwi inapotia nanga, hupimwa kwa mambo mawili: wamejitokeza wangapi na wametoa tani ngapi. Kiongozi akisimama kutoa taarifa, namba anazosoma ni hizo. Wapo wanaozibeza, wakisema cha kuuliza ni kama mitumbwi sasa inapita.

Wana hoja, hasa kwenye hizo tani. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa gugumaji bichi ni maji, kwa hiyo anayejisifu kwa tani anajisifu zaidi kwa maji aliyoyahamisha. Rundo nalo likiachwa pale pale ukingoni, mvua kubwa ikinyesha linarudi ziwani. Vipande vilivyosalia vinachipua, mbegu zinakaa kwenye tope miaka mingi, na uchafu unaoletwa na Mto Mirongo kutoka katikati ya jiji unazidi kulirutubisha. Jasho limetoka kweli, picha zimepigwa, na baada ya wiki chache mwalo umefunikwa tena.

Lakini hao wa matokeo nao wasitambe mapema. Gugumaji lilianza kuenea Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, likapungua sana kuelekea mwisho wa miaka ya 1990. Sifa apewe nani? Wadudu waliozalishwa na kuachiwa walitafune, au mvua za El Niño za 1997 na 1998? Wataalamu wamebishana. Sasa kijana wa Kirumba aliyeshinda majini tutampimaje, ikiwa usiku upepo umeleta magugu mengine kutoka upande wa pili wa ghuba? Na maji yenyewe yana kichocho, naye mara nyingi hana hata buti. Ukimpima kwa matokeo, atakimbilia mwalo mwepesi na ule mgumu hautapata mtu.

Kwa maoni yangu, tunakosea kuwapima watu wawili kwa kipimo kimoja. Aliyejitolea akafika na kufanya alichoelekezwa, juhudi yake inatosha, ashukuriwe. Mratibu aliyepanga zoezi na kuomba fedha asijifiche nyuma ya jasho la wenzake. Yeye aulizwe mwalo ulikaa wazi muda gani, rundo lilipelekwa wapi, na buti ziko wapi. Kama hana majibu, zoezi lijalo aliahirishe, kwanza atafute gari la kubebea.