Tiketi Yangu Iliishia Dar

Nani aliwadanganya watu kwamba safari ndefu ni ile ya ndege? Ndege unakaa, unaletewa wali kwenye kisahani cha mtoto, unasinzia, umefika. Kutoka Hamburg hadi Dar es Salaam, ukijumlisha na kubadili ndege katikati, hata siku nzima haiishi. Kutoka Dar hadi Mwanga hapa Kigoma, ambako ni ndani ya nchi moja, rais mmoja, hela moja, ndiko mtu anakozeekea njiani.

Binti yangu ni muuguzi Hamburg. Likizo yake ikaangukia Februari, akanipigia: "Baba, njoo upumzike." Akalipa tiketi ya kwenda na kurudi, Dar kwa Dar. Nami nikafunga duka langu la spea za baiskeli nikaenda kupumzika. Sasa Februari ya Hamburg, ndugu zangu, haipumzishi mtu. Jua linatoka saa mbili asubuhi kwa kulazimishwa, saa kumi na moja jioni limeshaondoka, na hapo katikati hulioni. Binti akaninunulia koti la baridi, zito, lina kofia yenye manyoya. Nililivaa mpaka mezani.

Nilimwomba anipeleke sehemu moja tu, Papenburg. Akashangaa, wageni wengine huomba kupelekwa madukani. Nikamwambia huko ndiko ilikoundwa meli yetu ya Liemba mwaka 1913, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen. Wajerumani waliiunda, wakaifungua tena kipande kimoja kimoja, wakaipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar, ikapandishwa treni kuja Kigoma, ikaungwa upya, na mwaka 1915 ikashushwa ziwani. Masanduku 5,000! Na vita vikuu vimeshaanza! Hiyo namba ishikeni, tutaihitaji.

Treni ya kwenda Papenburg ilichelewa dakika ishirini. Mngewaona wale wazungu. Mmoja anatikisa kichwa, mwingine anapiga simu kwa sauti ya msiba, mama mmoja ametoa kalamu anaandika malalamiko. Nikamwuliza binti, "Injini imekufa?"

"Hapana, baba."

"Tuta limekwenda na maji?"

"Hapana, imechelewa tu."

"Sasa wanalia nini?"

Siku ya kuondoka, begi langu lilipimwa, likazidi kilo 23. Ndani kulikuwa na kikaango kisichogandisha cha mama watoto, viatu vya mjukuu, saa ya mwenyekiti wa mtaa, simu ya shemeji (iliyotumika, lakini kidogo, alisisitiza), na kengele na cheni za baiskeli za dukani. Kilichotolewa ni koti, nikalivaa. Dada wa kaunta akafunga karatasi kwenye mkono wa begi, imeandikwa DAR. Nimeisoma kwa macho yangu haya haya. Begi likaingia kwenye pazia la mpira, na ndiyo ikawa kwaheri.

Kiwanja cha kubadilishia ndege sitakitaja, wasije wakaninyima viza siku nyingine. Niseme tu kwamba bei ya chupa ndogo ya maji pale, Kigoma unapata kuku mwenye afya njema.

Dar tulitua saa tisa usiku. Mkanda wa mizigo ukaanza kuzunguka. Watu wanachukua vyao wanaondoka, wanachukua wanaondoka, mpaka tukabaki watatu: mimi, begi moja la waridi lisilo na mwenyewe, na boksi lililofungwa kwa kamba. Lile la waridi lilipita mbele yangu mara nyingi mpaka nikaanza kuona haya kutolisalimia.

Nikaenda dirishani. Kijana mpole, ana adabu zake zote. "Shikamoo mzee. Begi lako ni la rangi gani?"

"Jeusi."

Akanitazama kwa huruma. "Mzee, yote ni meusi." Akanifungulia karatasi yenye picha za mabegi, nichague linalofanana na langu. Nikachagua. Nikajaza fomu, nikapewa nakala, nikaiweka mfuko wa ndani wa koti. Akasema litakuja na ndege ya kesho au kesho kutwa, nisubiri simu.

Nisubiri wapi? Kwa mpwa wangu Gongo la Mboto, chumba na sebule, na sebule yenyewe ina wenyewe. Joto la Dar la Februari mnalijua. Mtoto wa mpwa akawa anawaita wenzake kuja kuangalia koti, nadhani kwa kiingilio. Simu haikulia. Wenyeji wakaanza kuniuliza kama kule Kigoma mvua zinaendeleaje, na mtu mzima akishaulizwa mvua za kwao anajua ameaga.

Ndege ya Dar hadi Kigoma ipo, tena haraka tu. Nikauliza nauli, nikamshukuru yule dada, nikatoka. Binti yangu alishalipa Ulaya nzima, siwezi kumpigia kumwambia kwamba bado kumebaki kipande.

Hapo ndipo mpwa akaja na akili yake. "Mjomba, treni ya kawaida ya Kigoma imeondoka leo. Usijali. Kesho asubuhi unapanda SGR, unaitangulia Dodoma, unaipandia pale pale." Kijana kasoma, hesabu zake zilikuwa sahihi. Zilikuwa sahihi mno.

Hiyo SGR sina neno baya juu yake. Treni ya umeme, imeanza kufika Dodoma mwaka 2024, kilomita 160 kwa saa, viti safi, kiyoyozi mpaka koti langu likapata kazi kwa mara ya kwanza tangu litoke Hamburg. Watu wananitazama, mimi najifunga zipu tu. Hata saa nne hazikutimia, Dodoma. Nikavuka hadi stesheni ya zamani, nikakata tiketi, nikauliza: treni ya Kigoma imefika wapi?

"Iko Kilosa, mzee. Maji yamepita juu ya reli. Wanatengeneza tuta."

Kilosa! Wasafiri wa reli ya kati kile kipande cha Kilosa hadi Gulwe tunakijua. Mto Mkondoa ukifura, udongo wote unakwenda, reli zinabaki zinaning'inia hewani na mataruma yake. Kwa hiyo mimi nimeikimbia treni yangu mwenyewe. Nimeipita kwa kilomita 160 kwa saa, pengine hata tulipungiana mikono, nikaja kuisubiri Dodoma kwenye benchi. Usiku nikatandika koti. Abiria wapya wanakuja, wananiuliza kama hapa ndipo inapopandiwa ya Kigoma, nawaambia ndipo, karibuni, chooni ni kule, chai nzuri ni ya yule mama wa pili. Kufika asubuhi walikuwa wananiita mkuu wa stesheni.

Treni ilipotokea, walioanza nayo Dar walikuwa wameshakuwa ukoo. Wanaitana shemeji, wanadaiana, kuna wawili hawasalimiani kwa jambo lililotokea Morogoro. Mimi ndiye mgeni. Daraja la pili kulala, vitanda sita, na kitanda changu cha katikati kilikuwa kimelaliwa na gunia la vitunguu la mzee mmoja wa Kasulu. Nikamwonyesha tiketi. Akaisoma, akanirudishia, akasema, "Wewe si umekuja leo tu?"

Tukaelewana mimi na gunia tugawane. Treni ikang'oka. Mazungumzo yakaanza, mzee, unatokea wapi.

"Natoka Ulaya. Ujerumani."

Kimya. Wakalitazama koti. Wakatazama chini ya kitanda, hakuna begi. Wakatazama juu, hakuna begi. Mkononi nina mfuko wa nailoni wenye mswaki na taulo la mpwa.

"Peke yako hivyo hivyo?"

"Begi limepotea."

"Aaa," akasema mzee wa vitunguu, taratibu. "Limepotea."

Kijana wa kitanda cha juu akazima simu yake, na huyo tangu nipande hakuwa ameizima. Akainama kuniangalia. "Pole sana, baba. Wamekudipoti?"

Nikacheka. Nikawaeleza: sikurudishwa na mtu, nilikwenda likizo, binti yangu ni muuguzi, tiketi alilipa yeye, nimeona hadi ilikoundwa Liemba. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kutikisa vichwa. Likizo gani, mtu anatoka Ulaya anapandia treni Dodoma? Mzee wa vitunguu akaliondoa gunia lote kitandani kwangu bila kuombwa. Hapo nikajua mambo yameharibika.

Kufika Saranda, mama mmoja wa behewa la jirani akanunua kuku mzima dirishani, akanikabidhi. "Kula, baba. Duniani tunapita." Nikasema mama, mimi sijarudishwa. Akajibu, "Ndiyo, ndiyo. Kula kwanza." Kuku wa Saranda sikumkataa, sikuona kosa lake. Itigi wakaniletea karanga. Kabla ya Tabora akatokea mtu na kofia imejaa noti, behewa zima limechanga. Nikakataa kabisa, nikasimama, nikasema kwa sauti: nina duka Mwanga! Wakashusha macho. Nikamsikia mmoja akinong'ona, "Masikini, anaona aibu. Lazima walimpiga, na kwa baridi ya huko watu wanachanganyikiwa."

Tabora tulikaa muda mrefu, maana pale ndipo treni inapokatwa, mabehewa ya Mwanza yaende zake na ya Kigoma yaende zake. Nilishuka kununua asali. Muuzaji akanipa bei, halafu abiria mwenzangu akamvuta pembeni akamnong'oneza, nikapunguziwa nusu. Nikaona basi, liwe liwalo. Urambo, Kaliua wakakatwa wa Mpanda, Nguruka nililala, Uvinza nikaamshwa na watu wa chumvi. Ziwa lilipoonekana sikuwa hata na nguvu ya kulifurahia, nilikuwa nawaza jambo moja: mtandao wa simu tangu Tabora ulikuwa mzuri, na yule kijana wa kitanda cha juu kwao ni Ujiji.

Na kweli. Stesheni pale mwisho wa reli alikuja mama watoto, shemeji, majirani, wazee wawili wa msikitini. Watu hawaji kumpokea mtu aliyetoka likizo kwa sura zile. Mama watoto akanishika mkono, "Muhimu umerudi mzima." Shemeji akasema, "Usijali, shemeji. Hata sisi wengine hatujawahi kufika." Hakuna aliyeuliza zawadi! Mimi nilijiandaa safari nzima kwa swali la zawadi, nimepanga na maneno, na hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza. Jirani ambaye tangu tununiane kwa ajili ya mpaka wa kiwanja hajanipa salamu, alileta migebuka.

Nimewaonyesha picha za Papenburg. Wamesema picha nzuri. Nimewapigia simu ya video na binti, akawaeleza kwa mdomo wake kwamba baba alikuja likizo, akarudi kwa tarehe yake. Mama watoto alipokata simu akasema, "Mtoto mwema, anakusitiri."

Wiki iliyopita simu ikalia, namba ya Dar. "Shikamoo mzee. Begi lako limepatikana, liko hapa."

"Alhamdulillahi! Mnalileta lini?"

"Tumeshalifikisha, mzee."

"Mmelifikisha wapi?"

"Mwisho wa safari yako. Tiketi inasoma mwisho ni Dar es Salaam."

Nikamweleza kwa upole kwamba kutoka hapo alipo hadi nilipo mimi kuna reli ya kilomita zaidi ya 1,200, imefika Kigoma tangu 1914, si siri. Akasema kwenye mfumo haipo. Nikamwambia habari ya masanduku 5,000: watu waliyatoa huko huko nilikotoka mimi, hakuna kompyuta, hakuna karatasi ya DAR, na meli ikaelea. Nyie begi moja! Akanisikiliza mpaka mwisho, kijana ana adabu kweli, kisha akasema nije mwenyewe na nakala ya fomu, au nimtume mtu, awe na barua ya utambulisho yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Na nisichelewe, kuna gharama ya kulihifadhi.

Nakala ya fomu ilikuwa mfuko wa ndani wa koti. Koti mama watoto alishalifua, kwa sabuni ya unga na maji ya moto.

Basi atakwenda mpwa. Jana nimekaa kwenye foleni ya mwenyekiti wa mtaa, nikamweleza yote, nikamwambia na saa yake imo humo ndani. Akachangamka, akaandika barua hapo hapo, akagonga muhuri mara mbili, akatia sahihi. Nimekuja kuisoma nyumbani. Inasema kwamba mtajwa hapo juu ni mkazi halali wa mtaa wangu, ni mfanyabiashara wa spea za baiskeli, namfahamu kwa tabia njema, na ndiye yule mzee aliyerudishwa kutoka Ujerumani, tafadhali apewe msaada.