Bosi Mpya Ana Kilo Moja

Leo alfajiri, kabla sijatia hata chai mdomoni, nilikuwa nakatakata maini ya kuku. Vipande vidogo vidogo, kama punje za mbaazi. Vya mbwa. Mheshimiwa anakula mara nne kwa siku, na akicheleweshwa, sukari ya mwilini inashuka anazimia. Mara nne! Kwangu Maweni ukiutafuta mlo wa nne itabidi ujumlishe futari na daku za siku mbili.

Tuelewane. Mimi kwa cheo ni Msimamizi wa Nyumba. Barua ninayo, ina muhuri. Nyumba iko Casuarina, hapa Malindi, ina minazi kumi na mmoja na mbwa wawili: Komando, dume la kienyeji aliyewahi kubaki na kipande cha suruali ya mwizi, na Bibi, jike mzee asiyependa mtu. Tulikuwa tukielewana. Wao hawanizoei, mimi siwazoei, kila mtu na zamu yake.

Sasa kusi limeanza kuvuma, Waitaliano wanafunga nyumba warudi kwao, Sinyora wangu naye siku mbili kabla ya safari akaja na mkoba. Nikaupokea kwa adabu, mkoba ukanibwekea. Ndani mna Chihuahua wa miezi mitatu, kanunuliwa Nairobi. Kilo moja, na masikio ndiyo nusu yake. Nikaachiwa yeye na karatasi ya masharti, imeandikwa mbele na nyuma. Asiruke kutoka kitini, utosi haujafunga. Wakubwa walishwe mbali naye, sahani ndiyo huanzisha vita. Asiachwe nao peke yake hata nikienda msalani. Kwa hiyo msalani tunakwenda wawili.

Lakini lililonitoa jasho ni kutambulishana. Karatasi inasema waonane mara ya kwanza mahali ambapo hakuna mbwa anayepaita kwake, mmoja mmoja. Vyema, barabarani. Geuza karatasi: asikanyage barabara mpaka amalize chanjo, wiki ya 16, kwa sababu ya parvo, virusi vinavyokaa udongoni miezi na miezi. Haya, yakhe, nenda barabarani bila kukanyaga barabara! Nikawaza, nikawaza, nikatoa kikapu cha ukili.

Basi alasiri nikatoka, Msimamizi wa Nyumba, nimekumbatia kikapu kama mtu anayepeleka posa. Kijana wa bustani kamshika Komando kwa kamba. Casuarina ukitaka tuktuk huipati. Ukitaka faragha, zinakuja tatu. Dereva wa kwanza akazima injini kabisa.

“Popo huyo?”

“Mbwa.”

“Bado atakua, ama ndiyo basi?”

“Ndiyo basi. Kilo tatu hazifikishi.”

“Na kazi yake nini?”

Hapo sikuwa na jibu. Mama wa viazi karai kaacha mafuta yakiungua, kaja. Watoto wa madrasa wamemwagika. Mzee mmoja akanisalimu kutoka ng'ambo ya barabara, kanzu kaikunja mpaka magotini, akinitazama kwa namna ya mtu aliyemjua marehemu babangu.

“Legeza kamba,” nikamwambia kijana, maana karatasi inasema kamba ikikazwa mbwa mkubwa hudhani kuna ugomvi. Akalegeza yote. Komando akaja, pua ikaingia kikapuni. Kimya. Kisha ile kilo moja ikabweka. Mara moja tu, kama chafya. Wallahi, Komando, tishio la Casuarina nzima, karuka nyuma, kamba ikamzunguka kijana miguuni, wakaondoka pamoja, mmoja anakimbia, mmoja anaburutwa, mpaka getini. Watoto wakapiga vigelegele. Dereva akauliza kama huyu mdogo anakodishwa usiku.

Bibi yeye alinusa, akanguruma, akalala. Asichapwe akinguruma, karatasi inasema, anamfundisha mtoto adabu. Mimi nilipongurumia mshahara wa Machi niliambiwa sina shukrani.

Na kadi yake ya chanjo imo ndani ya plastiki, tarehe zimepangwa, sindano ya kichaa cha mbwa imeshalipiwa. Kadi ya kliniki ya mwanangu ililiwa na mende. Mwanangu anarudishwa nyumbani kwa karo kila Jumatatu, na hakuna anayepiga video saa mbili za usiku kuuliza kama amekula. Sinyora hupiga. Nikitokea mimi kwenye kioo, anasema nisogee. Eti Malindi ilimpelekea mfalme wa Uchina twiga mwaka 1415, watu wanajisifia mpaka leo. Kuna aliyemuuliza maskini aliyeshika kamba ya twiga alikuwa akilala wapi?

Nikifika nyumbani mama watoto hafungui. Kwanza nijioshe mate ya mbwa kama dini inavyotaka, mara saba, moja kwa udongo, na udongo keshauweka mlangoni kwenye kopo. Maji ni ya kisima, ya chumvi, sabuni haitoi povu mpaka uisugue kama unafuta deni. Jana nimenunua kipande cha sabuni ya mche, nimekiweka ukutani, nimeinama kuchota maji, kunguru huyo! Makunguru ya hapa mizoga hawataki tena, wanataka sabuni. Kakaa juu ya mwarobaini, anaidonoa, ananitazama.

Na mimi ndiyo kwanza niko mara ya tatu.