Rubani wa Malindi hakuwa Ibn Majid

Hadithi hii haifi. Inasomeshwa madarasani, inasimuliwa kwa watalii wanaopelekwa kuuona mnara wa Malindi, inarudi kila anapotajwa Vasco da Gama, nahodha wa Kireno aliyepewa rubani Malindi mwaka 1498 wa kumvusha hadi Bara Hindi: kwamba Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari, alileweshwa na Wareno, ulimi ukamteleza, akawatolea siri ya njia ya Bara Hindi. Na kwamba kwa kikombe kile pwani yetu ikauzwa.

Si kweli. Na inauma zaidi kwa sababu wanaoirudia mara nyingi ni watu wanaoipenda historia ya pwani.

Tuanze na chimbuko lake. Aliyeiandika ni Qutb al-Din al-Nahrawali, mwanahistoria wa Makka, katika kitabu chake kuhusu Waturuki kuiteka Yemen. Aliandika miaka ya 1570, na safari ya Da Gama ilikuwa 1498. Ni zaidi ya miaka 70 baadaye, na mwandishi hakuwa mwanamaji. Hata ushauri anaosema Ibn Majid aliutoa akiwa ulevini haulingani na safari yenyewe: wasiikaribie pwani pale, watoke bahari kuu, kisha wageuke kurudi, mawimbi yasiwapate. Hayo ni maelezo ya kupita pwani mbaya, hayamvushi mtu kutoka Malindi hadi Calicut, bandari ya Bara Hindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 msomi wa Kifaransa, Gabriel Ferrand, aliiunganisha habari hiyo na rubani wa Malindi, na tangu hapo vitabu vimekuwa vikinakiliana.

Wareno wenyewe, ambao walikuwa na rubani huyo chomboni, wanasema nini? Shajara ya safari inamwita rubani Mkristo, na tunajua Wareno wale waliwadhania Wahindu kuwa Wakristo. Castanheda na Barros, waliochapisha habari zao mwaka 1551 na 1552, wanasema alikuwa Mgujarati, ingawa Barros anamfanya Mwislamu. Wanamtaja kama Canaca, au Malemo Caná. Msomaji wa Kiswahili lisome tena hilo Malemo. Ni mwalimu! Ndivyo alivyoitwa mjuzi wa njia chomboni, na watu wa majahazi wanalijua neno hilo kwa maana hiyo. Caná nalo linafanana na neno la Kihindi la mnajimu. Kwa hiyo tulichonacho ni vyeo viwili vya kazi. Jina la mtu halikuandikwa.

Umri nao unakataa. Ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, upande wa Ras al-Khaimah ya leo, alikuwa ameshatunga utenzi wake mkubwa wa elimu ya bahari, Hawiya, mwaka 1462. Kitabu chake kikuu, Fawaid, alikimaliza karibu 1490, na humo anazungumza kama mzee aliyekwisha kuyapitia mengi. Nakubali, maana sina budi, kwamba katika utenzi wake wa Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, zimo beti zinazowataja Wafaranji, yaani Wazungu, kufika baharini kwetu. Wapo wataalamu wanaosema beti hizo zilipachikwa na mkono mwingine. Hata tukizichukua kuwa zake, hakuna ubeti unaosema yeye ndiye aliyewaongoza.

Lakini kosa kubwa kuliko yote ni lile neno siri. Siri gani? Da Gama alipotia nanga Malindi katikati ya Aprili 1498 alikuta vyombo vinne vya Wahindi bandarini. Havikupotea njia kufika pale. Pêro da Covilhã, mpelelezi wa mfalme wa Ureno, alikuwa ameshafika Calicut na Sofala mwishoni mwa miaka ya 1480. Kujua kwamba njia ipo kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kuivuka, na huko ndiko elimu ilikokaa. Haimwagwi kwa kikombe kimoja.

Chukua kamal, kipimo cha kimo cha nyota: kibao cha mstatili chenye uzi uliofungwa katikati. Unauma uzi kwa meno, unasogeza kibao mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse nyota. Kimo kinahesabiwa kwa vyanda. Chanda kimoja ni zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Ukienda kaskazini moja kwa moja kwa zam 8, kila zam saa 3, yaani usiku na mchana mzima, Jaa, nyota ya kaskazini, inapanda chanda kimoja. Ukifika kimo cha bandari unayoitaka, unageuza omo mashariki na kukishikilia kimo hicho mpaka uione nchi.

Sasa tazama yanayoharibika. Malindi ipo digrii 3 kusini ya ikweta, Jaa haionekani. Mwanzoni unategemea nyota nyingine, kama al-Farqadan, nyota mbili za Dubu Mdogo, na zile za Dubu Mkubwa. Wareno wenyewe waliandika kwamba waliiona tena nyota ya kaskazini Jumapili ya tarehe 29 Aprili, siku tano baada ya kutweka. Tena Jaa ya zama zile haikukaa penye ncha ya mbingu, ilikuwa mbali nayo kama digrii 3 na nusu na kuizunguka. Ukiipima ikiwa juu kabisa ya mzunguko wake ukadhani iko chini kabisa, umekosea digrii 7, na hizo ni zaidi ya kilomita 700. Ndiyo maana mwalimu alihifadhi masahihisho yaitwayo bashi, akiyalinganisha na vituo vya mwezi. Hapo sijagusa ukungu wa upeo, wala chombo kinavyoyumba. Barros anasema Da Gama alipomwonyesha rubani astrolabi zake, ile kubwa ya mti na za chuma, yule mtu hakushangaa hata kidogo. Alikuwa ameshamwonyesha ramani ya pwani yote ya Hindi, na sasa akatoa kipimo chake cha vibao vitatu.

Na majira. Walitweka tarehe 24 Aprili, kusi inaanza na bado haijachacha. Ukichelewa hadi Juni unakuta bandari za magharibi ya Hindi zimefungwa kwa mawimbi. Siku 23 hawakuona nchi, tarehe 18 Mei wakaona milima, tarehe 20 wakatia nanga karibu na Calicut. Katika kurudi, walitoka Anjediva, kisiwa cha pwani ya Hindi, tarehe 5 Oktoba, kaskazi bado haijasimama. Wakakwama katika shwari na pepo za mbele karibu miezi mitatu, kiseyeye kikaua watu 30, wenye nguvu ya kufanya kazi wakabaki saba au wanane kwa kila chombo. Walipofika kwetu Januari 1499 mabaharia hawakutosha tena vyombo vitatu, wakaichoma São Rafael kwenye mafungu ya Mtangata, pwani ya Tanga. Bahari ni ileile, watu ni walewale. Tofauti ilikuwa majira.

Kwa nini basi Malindi ilitoa rubani? Mfalme wake alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na Mombasa na alitafuta mshirika mwenye mizinga. Na hata hivyo alisitasita. Shajara inasema wazi kwamba Da Gama alimshikilia msiri wa mfalme aliyepanda chomboni, akadai rubani aliyeahidiwa. Rubani akaletwa papo hapo. Huyo ni rubani aliyetolewa rehani ikiwa imeshikwa. Francisco de Almeida, mkuu wa kikosi cha Wareno, alipoipora Kilwa na Mombasa mwaka 1505, sababu zilikuwa tamaa ya Lisbon na ugomvi wa miji yetu. Kumtwika mzee mmoja wa Julfar mzigo huo ni kumdhulumu, na ni kukwepa kuutazama uhasama wetu wenyewe.

Mwandikeni kama alivyokuwa. Babu yake alikuwa bingwa wa Bahari ya Shamu, baba akamzidi, naye akasema majaribio yake yamewapita wote wawili. Aliwaheshimu waandishi watatu wa kale wa elimu ya bahari, akajiita wa nne wao, lakini akasema bila kuficha kwamba walikuwa wakusanyaji tu, hawakusafiri zaidi ya kutoka bandari ya Siraf, Uajemi, hadi pwani ya Makran. Fawaid ina milango 12, na humo mna vituo vya mwezi, pande 32 za dira na majira ya kutweka. Mwaka 1554 amiri wa Waturuki, Seydi Ali Reis, aliyekuwa amepigana na Wareno baharini na kusukumwa na tufani hadi Gujarat, aliandika kitabu chake cha bahari huko Ahmadabad akitegemea maandishi ya Ibn Majid. Kama kulikuwa na mtu mwenye haki ya kumlaani aliyewaonyesha Wareno njia, ni yeye. Alimwita mtafuta ukweli miongoni mwa wanamaji, na rubani wa kuaminika kuliko wote.