Thomas Jefferys: mnakili au mpimaji?

Thomas Jefferys, mchonga na mwuzaji wa ramani jijini London, amebaki na lawama moja tangu afariki mwaka 1771: kwamba ramani nyingi alizouza dukani kwake, karibu na Charing Cross, zilitokana na kazi za wengine.

Lawama hiyo ina msingi. Ramani ilichongwa kinyume kwenye bamba la shaba, herufi zikiwa kama zinavyoonekana kwenye kioo. Bamba ndilo lilikuwa mtaji wa duka. Mto ukikosewa, fundi aligonga shaba kwa nyuma mpaka inyanyuke, akaisugua ikawa laini, kisha akachonga upya. Lakini pia aliweza kubadili jina na mwaka tu, akaiuza kama ramani mpya. Nayo sheria ya Uingereza ya 1735 ililinda michoro ya kuchongwa isinakiliwe. Lakini ramani zilikuja kutajwa waziwazi katika sheria mwaka 1767.

Hata hivyo, si kila anayekusanya kazi za wengine ni mwizi. Mwaka 1753, John Green, aliyemtengenezea Jefferys ramani ya Amerika, alitoa kijitabu cha kuitetea, akilinganisha vipimo vya latitudo na longitudo na kueleza alichotegemea. Mwizi haonyeshi alikotoa mali.

Linaloniuma zaidi ni yaliyofuata. Mwaka 1759 jumuiya moja ya London ya kuhimiza sanaa na biashara ilitangaza zawadi ya hadi pauni 100 kwa ramani mpya ya kaunti, kwa kipimo cha inchi 1 ya ramani kwa kila maili 1 ya ardhi. Jefferys akajitosa: Bedfordshire, Oxfordshire, hata Yorkshire yenye ukubwa wa kutisha. Kupima upya ni kulipa watu wa kupima ardhi kwa minyororo siku baada ya siku, barabara kwa barabara, kabla hujauza karatasi hata moja. Mwaka 1766 akafilisika. Mwenyewe alikiri kwamba alibeba mzigo mkubwa kupita kiasi, na kwamba msaada alioahidiwa haukuja.

Kwa hiyo wanaomwita mnakili nawauliza: nani mwingine alikuwa tayari kulipia ukweli? Kunakili kulilisha duka; kupima ndiko kulikoliangusha. Baadhi ya mabamba yake yaliangukia mikononi mwa Robert Sayer, mwuzaji mwingine wa ramani London, na mwaka 1775, vita vya uhuru wa Marekani vilipoanza, Sayer na mwenzake Bennett walitoa atlasi ya Amerika yenye jina la Jefferys, miaka minne baada ya kifo chake.