Note 7 ndegeni: tusiidharau hesabu ya 92 kati ya milioni

Oktoba 14, 2016, Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilitangaza kwamba kuanzia mchana wa siku iliyofuata, simu aina ya Samsung Galaxy Note 7, ambayo betri yake ilikuwa ikiwaka moto, isipande ndege kabisa: mfukoni, kwenye begi la mkononi wala kwenye sanduku, hata ikiwa imezimwa. Mkaidi aliwekewa faini iliyoweza kufikia dola 179,933. Wapo waliosema huko ni kumuua mbu kwa rungu, na hadi leo, kila mashirika ya ndege yanapobana pawabanki, hoja hiyo hurudi.

Wana cha kusemea. Hadi katikati ya Septemba, taarifa za betri kupata joto kupita kiasi nchini Marekani zilikuwa 92, kati ya simu zipatazo milioni moja. Hiyo ni simu moja katika kila elfu kumi na kitu. Tena betri za lithiamu zimo katika karibu kila simu na kompyuta inayoingia ndegeni, na wahudumu wamefundishwa kuzima moto wa aina hiyo.

Lakini hiyo 92 hebu tuitazame vizuri, maana ndiyo inayotajwa kama vile imemaliza ubishi. Simu ilianza kuuzwa Agosti 19. Hesabu ikatolewa Septemba 15. Ni chini ya wiki nne, na wengi wa wanunuzi walikuwa nazo kwa siku chache tu. Watu 26 walikuwa wameshaungua. Anayeigawa 92 kwa milioni anapata hatari ya mwezi mmoja wa kwanza wa maisha ya simu, kisha anaizungumzia kana kwamba ni hatari ya maisha yake yote.

Na hata kama uwiano ungebaki uleule, ungemsaidia nani? Uchunguzi uliotangazwa na Samsung Januari 2017 ulionyesha kwamba betri za msambazaji wa kwanza zilibanwa kwenye kona ya juu upande wa kulia, sehemu za ndani zikapinda na kupiga shoti. Za msambazaji wa pili, zilizowekwa kwenye simu za kubadilishia walizopewa wateja badala ya zile za kwanza, zilikuwa na ncha kali zilizoachwa na uchomeleaji, na nyingine zilikosa utepe wa kuzuia shoti. Hakuna kati ya hayo linaloonekana kwa macho. Mwenye simu haoni, na mkaguzi wa mizigo haoni.

Kinachosahaulika zaidi ni kwamba njia za upole zilijaribiwa kwanza. Septemba 8 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilishauri simu hizo zisiwashwe wala kuchajiwa ndani ya ndege. Kisha zikaja hizo simu za kubadilishia, zenye alama ya betri ya kijani ili zitambulike kuwa salama. Oktoba 5, ndege ya shirika la Southwest la Marekani ikiwa bado mlangoni uwanjani Louisville, tayari kwenda Baltimore, simu ya abiria mmoja ikaanza kufuka moshi na watu wote wakashushwa. Ilikuwa ya kubadilishiwa. Mwenyewe alisema alikuwa ameshaizima kama alivyoagizwa. Kwa hiyo alama ya kijani haikufaa, na kuzima hakukufaa. Baada ya hapo ungemwambia abiria afanye nini tena?

Penye udhaifu wa kweli ni kwingine. Aliyeondoka kwao na simu halali, kisha anarudi siku ambayo imeshapigwa marufuku, ana picha zake zote humo na ndege yake inaondoka baada ya saa moja. Akiambiwa achague tu kati ya simu na safari, baadhi yao wataifutika katikati ya nguo kwenye sanduku. Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Moto ukiwaka kwa abiria, mhudumu anauona, anazima miali, anamwaga maji mpaka betri ipoe. Ukiwaka chumba cha mizigo hakuna wa kuifikia. Gesi ya haloni huzima miali, ila haipoozi seli ya betri inayojipasha joto yenyewe. Ndiyo maana hata betri za akiba hutakiwa zikae na abiria. Marufuku kamili isiyo na mahali pa kuikabidhi simu na kupata nyingine inaweza kuihamisha hatari kutoka penye macho kwenda gizani. Samsung iliweka vituo vya kubadilishia kwenye baadhi ya viwanja, lakini marufuku ilikuwa imeshatangulia.

Kwa hiyo siungi mkono wanaotumia mfano wa Note 7 kudai pawabanki zote zikatazwe. Note 7 ilikuwa na jina, kasoro yake ilikuwa inajirudia, na utengenezaji ulisimamishwa siku tatu kabla ya tangazo. Pawabanki haina sura moja. Januari 28, 2025, ndege ya Air Busan iliungua uwanjani Gimhae, Korea Kusini. Watu wote 176 walitoka, na wachunguzi wakaielekezea kidole pawabanki iliyokuwa kabati la juu. Kuanzia Machi 1 Korea Kusini ikaagiza zisiwekwe huko juu, zikae karibu na mwenyewe. Anayeona agizo hilo ni legelege atueleze kwanza pawabanki za ndege nzima zitakusanywa wapi, na nani atahakikisha haziishii kwenye masanduku.