Mwacheni fundi aseme "leo hatuondoki"

Kila chombo kinapozama Ziwa Viktoria upande wetu wa Uganda, mazungumzo ya wiki inayofuata nayajua hata kabla hayajaanza. Abiria hawakuvaa jaketi za kujiokolea. Nahodha alijaza kupita kiasi. Upepo ulibadilika ghafla. Halafu atatokea mkubwa mmoja redioni aseme ajali haina kinga, tuitikie, kisha turudi kwenye gati za Nakiwogo na Kasenyi kupanda vyombo vile vile. Jaketi nazikubali, na anayezikataa simtetei. Ila karibu hakuna anayeuliza injini ilikuwa katika hali gani saa moja kabla ya safari, nani aliikagua, na kama huyo aliyeikagua aliruhusiwa kukataa.

Hapo kwenye kukataa ndipo penye shida. Nafanya kazi ya injini za majini hapa Luzira, na nawaambia mafundi wetu si wajinga kama wanavyosemwa. Wengi wanajua mashine ikiwa mgonjwa. Wanasikia sauti yake, wanauona moshi, wanagusa bomba la maji ya kupoozea na kutambua kwamba maji hayapiti inavyotakiwa. Wanachokosa ni mamlaka. "Mzee, hii mashine leo haifai," kijana atasema. "Abiria wameshalipa, mwanangu. Tutaitazama tukirudi." Yameishia hapo, maana mzee ndiye mwenye boti na ndiye anayelipa mshahara.

Kuna wanaodhani injini ikizima katikati ya ziwa ni usumbufu tu, kama gari kuharibikia njiani Masaka. Gari likizima linasimama. Chombo kikizima hakisimami. Injini ikiwa hai, nahodha anaelekeza omo, yaani pua ya chombo, kwenye wimbi na chombo kinalipanda na kulishuka. Ikizima, usukani unakosa nguvu, upepo unakigeuza, na mawimbi yanaanza kukipiga ubavuni. Kinalala upande huu, kinalala upande ule, abiria wanaogopa na kukimbilia upande mmoja. Pampu ya kutoa maji, kama inaendeshwa na injini ile ile, nayo imekufa. Na chombo kilichojazwa kupita kiasi ndicho kinachochosha injini mpaka ikazima, kwa hiyo mambo mawili tunayoyatenganisha kwenye ripoti mara nyingi ni jambo moja.

Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama wilayani Mukono na zaidi ya watu 30 wakafa. Taarifa za siku zile zilisema haikuwa na leseni, ilibeba watu kupita uwezo wake, na hali yake ya kiufundi ilikuwa mbovu. Sisi tulibaki kuzungumzia muziki, pombe na watu mashuhuri waliokuwamo. Ule ubovu ulipita kama neno la kujazia sentensi.

Ziwa letu lina mambo yake ambayo kitabu cha injini kilichoandikwa kwa ajili ya bahari hakiyasemi. Lipo mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Maana yake ile injini uliyouziwa kama ya nguvu za farasi 40 huku kwetu ina upungufu wa karibu sehemu moja ya kumi. Mwendeshaji anaona chombo kizito, anaongeza mafuta, moshi mweusi unatoka, naye anaongeza tena. Moshi mweusi ni mafuta yasiyopata hewa ya kutosha kuungua. Kuongeza mafuta hapo hakuleti nguvu yoyote ya maana, kunaleta joto. Dawa yake inaanzia kwenye propela, lile panga linalosukuma chombo majini: iwe ya kipimo ambacho injini inaweza kuizungusha kwa mwinuko huu, siyo ile iliyotoka kwenye boksi wala ile ya jirani iliyopatikana kwa bei nzuri.

Halafu kuna gugu maji. Aprili 2020 kisiwa kinachoelea kilikokotwa na maji hadi kwenye bwawa la Nalubaale pale Jinja, kikaziba mitambo, na umeme ukakatika nchi nzima. Kila mtu anakumbuka giza lile. Sasa fikiria majani hayo hayo kwenye tundu la kuingizia maji ya kupoozea injini ya feri, tundu ambalo ndoo inaweza kulifunika. Chujio likiziba, geji ya joto inapanda taratibu, na kama hakuna anayeitazama, kinachofuata ni kengele. Nimekuta chombo ambacho waya wa kengele hiyo ulikuwa umekatwa kwa sababu "ilikuwa inasumbua". Ilikuwa inasumbua kwa sababu injini ilikuwa inapata joto! Chujio linafunguliwa na kusafishwa kila unapofunga gati kama umepita kwenye majani. Kwenye chombo chenye machujio mawili, unabadilisha kwenda la pili huku la kwanza likisafishwa, na mashine haizimwi. Kazi yenyewe haimalizi hata chai.

Injini kubwa za dizeli zina hatari nyingine ambayo vijana wetu wengi hawajawahi kuelezwa. Beringi ikipata joto kali ndani ya kasha la krenki, yaani sehemu ya chini ya injini unamozunguka mhimili wake mkuu, oili inageuka mvuke, kisha ukungu mweupe unaoweza kulipuka. Silika ya fundi yeyote ni kufungua mlango wa kasha atazame. Akifungua, hewa mpya inaingia, inakutana na ukungu na beringi iliyowaka. Mwaka 1947 meli ya abiria Reina del Pacifico ilikuwa ikifanyiwa majaribio karibu na Belfast injini zake zilipolipuka kwa namna hii, na watu 28 wakafa. Tangu hapo dunia ya meli inafundisha: punguza mwendo, simamisha injini, watu waondoke karibu na milango ya kasha, na usifungue chochote mpaka ipoe, nusu saa au zaidi. Nusu saa ya kukaa bila kufanya kitu huku abiria wanapiga kelele juu. Niambieni ni fundi gani wa hapa kwetu ataachwa akae nusu saa hiyo.

Moto wa chumba cha injini nao mara nyingi huanza kwa jambo dogo la aibu: bomba la dizeli linavuja, tone linaangukia bomba la moshi. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, SOLAS, uliotungwa kwa ajili ya meli za safari za kimataifa, unataka kila sehemu inayoweza kufikia nyuzi joto 220 ifunikwe ili mafuta yasiiguse, na mabomba ya mafuta ya shinikizo kubwa yawe na ganda la pili la nje. Dizeli ya bandari yetu ya Port Bell ni ile ile ya Mombasa. Lakini huku utakuta ganda limevuliwa ili "bomba lifikike kirahisi", na chini yake kopo limetegwa kukinga matone. Hilo kopo linanikasirisha kuliko uvujaji wenyewe, maana ni ushahidi kwamba mtu aliona.

Msidhani ni ugonjwa wa maskini. Tarehe 26 Machi 2024 meli kubwa ya makontena iitwayo Dali ilipoteza umeme mara mbili ikitoka Baltimore, Marekani, ikagonga daraja la Francis Scott Key na kuliangusha. Wafanyakazi 6 waliokuwa juu ya daraja wakafa. Wachunguzi walifika mpaka kwenye waya mmoja ambao haukushika vizuri mahali pake. Wakakuta pia kwamba jenereta zilikuwa zikilishwa mafuta na pampu iliyokusudiwa kazi nyingine, isiyojiwasha yenyewe umeme unaporudi. Meli ya mita 300, na ndani yake njia ya mkato ambayo fundi yeyote wa gati letu la Masese, Jinja, angeitambua mara moja.

Kwenye boti ndogo mambo ni mepesi zaidi, ndiyo maana hayana udhuru. Kamba ya kuzimia injini, ile ya kuvaa mkononi, inakuja na mashine. Mwendeshaji akirushwa nje, kamba inachomoka na injini inazima. Bila hiyo, boti inazunguka yenyewe na propela inamrudia aliyeanguka. Kasenyi, ambako abiria wanabebwa mabegani majini hadi kwenye boti, propela haipaswi kuzunguka hata kidogo mpaka mbebaji wa mwisho awe ametoka. Nimeona ikizunguka.

Najua nitakachojibiwa. Watu wa visiwa vya Ssese watasema kwao feri ndiyo barabara, na ikiahirishwa kuna mama mjamzito amekwama na kuna samaki wanaoza. Ni kweli, na sina jibu jepesi. Lakini vyombo vinavyoahirisha mara kwa mara ni vile visivyotunzwa. Mwenye chombo anayejua fundi ana haki ya kukizuia atanunua chujio na beringi mapema, kwa sababu hasara ya kulala gati itakuwa yake. Leo hasara hiyo tunaibeba abiria.

Tangu 2021 tuna sheria mpya ya usafiri wa majini ya ndani. Mimi ningependa kuona jambo moja tu likitekelezwa gatini: ukurasa mmoja kwenye daftari la chombo, usainiwe na fundi kabla ya kila safari. Joto, shinikizo la oili, chujio, uvujaji, usukani umejaribiwa kulia na kushoto, gia imejaribiwa mbele na nyuma ukiwa bado umefungwa gati. Fundi asiposaini, chombo hakiondoki. Mwenye mali akitaka kiondoke hivyo hivyo, aandike jina lake mwenyewe kwenye mstari wa chini, na nakala ibaki kwa afisa wa bandari. Na fundi aliyekataa alipwe siku hiyo kama kawaida, kwa sababu hapo amefanya kazi.