Setilaiti Haioni Chumvi: Zana za Kupangia Chakula Unguja na Pemba

Mifumo ya kusaidia maamuzi ya chakula, ile inayochanganya mvua, uoto, bei na makisio ya mavuno, ina watetezi wenye hoja nzito. Visiwa vyetu vinakula mchele mwingi kuliko tunaoulima, na pengo linazibwa kwa meli. Shehena iliyoagizwa Asia haifiki kwa wiki moja. Serikali ikingoja mpaka mpunga wa Masika uvunwe ndipo ijue kuna upungufu, bei imeshapanda. Dalili zikionekana Aprili, bado kuna muda wa kuamua juu ya ushuru, akiba na mbegu za Vuli.

Wenye shaka nao wana lao, na kwa Pemba naona wameshika penyewe. Data ya mvua ya CHIRPS, inayokadiriwa kwa setilaiti na vituo vya mvua na kutegemewa sana Afrika Mashariki, imekatwa vipande vya kilomita 5 hivi kwa 5. Kisiwa chenye urefu wa kilomita 67 kikikatwa hivyo, kipande kimoja hubeba bonde la mpunga, kilima cha mikarafuu na bahari kwa pamoja. Uoto nao, yaani ukijani unaoonekana na setilaiti, unapotosha: mikarafuu, minazi na miembe haipukutishi majani, kwa hiyo ramani hubaki kijani ilhali mpunga bondeni umeshaungua.

Na kinachouunguza mara nyingi si ukame. Ni maji ya bahari yanayoingia wakati wa bamvua tuta likipasuka, hasa palipokatwa mikoko. Mpunga huanza kupoteza mavuno chumvi ya udongo ikipita desisimensi 3 kwa mita (kipimo cha jinsi maji ya udongo yanavyopitisha umeme; chumvi ikizidi, namba hupanda), na kila desisimensi inayozidi hapo huondoa kama asilimia 12. Ikifika 6, zaidi ya theluthi ya mavuno imekwenda, hata mvua iwe nzuri kiasi gani.

Hili linapimika kwa kifaa cha mkononi. Bwana shamba achukue udongo wa kina cha sentimita 20 mahali palepale kila msimu: chini ya tuta, katikati ya bonde na juu yake. Apime mwisho wa kiangazi, kwa sababu Masika huosha chumvi ya juu na kuificha, kisha arudie baada ya bamvua kubwa. Kosa linaloharibu kazi yote liko kwenye kuchanganya. Sehemu 1 ya udongo kwa 5 za maji hutoa namba ndogo mara kadhaa kuliko njia ya udongo uliolowanishwa tu hadi ushibe maji, ambayo kiwango cha 3 kinaitegemea. Namba hiyo ikiingizwa kwenye mfumo bila kugeuzwa kulingana na aina ya udongo, bonde bovu litasomeka salama.

MUCHALI, mfumo wa Tanzania wa kuchambua uhakika wa chakula na lishe, hutumia ngazi za IPC, kipimo cha kimataifa cha ukali wa upungufu wa chakula, na eneo huwekwa ngazi fulani pale asilimia 20 ya watu wake wanapofika hapo au pabaya zaidi. Wilaya nzima ya Micheweni ikipimwa kama eneo moja, shehia chache za pwani humezwa. Ndiyo maana chumvi iingizwe kwa shehia.

Gharama? Kifaa si kikwazo. Kikwazo ni posho na usafiri wa mpimaji mradi ukishafungwa, kwa hiyo viwekwe kwenye bajeti ya wizara tangu mwanzo. Iandikwe pia, kabla ya Masika: namba ikipita 3, nani anaarifiwa, na fedha za kuziba tuta zinatoka fungu gani.